Kidole cha Mguu Jikoni kwa Mama Vifuniko

Katika jiko la Mama Vifuniko hapakuwa na kitu kilichoachwa wazi. Ndoo ya maji ilikuwa na kifuniko, juu ya kifuniko kitambaa, na juu ya kitambaa jiwe safi lililosuguliwa kwa sabuni. Chumvi ilikaa ndani ya mkebe, mkebe ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwake kwenye kamba. Majirani ndio waliompachika jina hilo, wakimcheka. Naye alilipokea kama anavyopokea kila kitu kigeni: akaligeuza huku na huku, akaona halina uchafu, akalitumia.

Alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu atakufa njaa karamuni, maana akiona nzi mmoja ametua kwenye sahani ya jirani, yeye anaacha ya kwake. Shule aliishia darasa la sita, lakini pua yake ilikuwa imesoma hadi mwisho. Alijua kitambaa cha vyombo kilicholala kibichi kabla hajavuka kizingiti. Alijua maziwa yanayojiandaa kuharibika kesho. Kwa miaka kumi na tisa alipika chakula cha mchana na kukipeleka maofisini na viwandani, na hakuna mlaji aliyewahi kukuta unywele.

Katika jiko hilo palikuwa na sheria moja aliyowafundisha wanawake wote waliowahi kumsaidia: aliyeacha chombo wazi aseme kabla mtu hajala. Akisema, chakula kinamwagwa na maneno yanaishia hapo. Akinyamaza na ikajulikana baadaye, kesho asirudi.

Mwaka huo kiwanda cha uchapaji alichokilisha kwa miaka kumi na mmoja kilitangaza kufunga mwisho wa mwezi. Sahani sitini za kila siku zilikuwa zinaondoka kwa mkupuo. Bila sahani hizo jiko lenyewe, ambalo lilikuwa la kupanga, lisingekaa. Ndipo binti yake, kitinda mimba wake aliyekuwa mwaka wa pili masomoni, alipomletea habari: chuo cha uuguzi kilikuwa kinatafuta mpishi wa wanafunzi mia moja na arobaini. Fomu ilitaka mwombaji awe na tovuti yenye picha za jiko lake. Wajumbe watatu wangezitazama tovuti zote siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na kuchagua.

"Tovuti ni nini hasa?" aliuliza Mama Vifuniko.

"Ni kama dirisha, mama. Mtu akiwa kwake anachungulia jiko lako."

"Achungulie nikiwa sijui?"

"Ndiyo maana yake."

Wazo hilo halikumpendeza hata kidogo, lakini sahani sitini ni sahani sitini. Binti akapiga picha: masufuria yamepangwa kwa ukubwa, kila moja na kifuniko chake, yanang'aa mpaka unajiona meno. Mama mwenyewe alisimama pembeni kwa aproni nyeupe, mdomo umekazwa kama mtu anayetolewa damu. Jina la tovuti walilinunua kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyeitwa Fundi Subiri kwa sababu hakuna swali lililowahi kujibiwa katika duka lake bila neno hilo kutangulia.

"Kila kitu kiwe kwa jina langu," Mama Vifuniko alimwonya siku ya kununua. "Barua pepe yangu, simu yangu. Nisije kusikia kesho jina ni la kwako."

"Subiri mama, naandika. Yako, yako, yote yako."

Siku ileile tovuti ikafunguka. Masufuria yakaonekana kwenye simu ya binti, kwenye simu ya kinyozi, na kwenye simu ya muuza duka. Fomu ikapelekwa chuoni. Zikapita wiki mbili na siku kadhaa za kupika na kungoja.

Jumatano, siku moja kabla ya wajumbe kukaa, wifi yake aliingia jikoni bila kubisha. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwanamke mnene wa vicheko, mwenye tabia ya kutafuna huku mdomo umeachama, ukaona safari yote ya tonge. Asubuhi hiyo alikuwa anatafuna mkate. Mama Vifuniko alikuwa anamenya tangawizi.

"Wifi," alisema yule, "hivi biashara yako siku hizi imeongeza idara?"

"Idara gani?"

"Ya miguu."

Akamgeuzia simu. Kioo chake kilikuwa na alama za vidole vya mafuta, na chini ya mafuta hayo, pale palipotakiwa kuwa na masufuria, kulikuwa na kidole gumba cha mguu. Kilikuwa kikubwa kama kiazi. Ukucha wake ulikuwa wa manjano, umevimba, umepasuka katikati kama ganda la kitunguu lililolala majini siku tatu, na pembeni ya ukucha nyama ilikuwa imetengana na kutoa kitu cheupe. Juu yake yalikuwepo maandishi makubwa mekundu kuhusu dawa ya kuvu ya kucha.

Mama Vifuniko aliusukuma mkono wa wifi yake kama anayesukuma panya.

"Toa kitu hicho jikoni kwangu!"

"Si jikoni kwako ndiko nilikokitoa? Nimeandika jina lako mwenyewe hapa, nilitaka kumwonyesha shoga yangu. Ameacha chai yake nusu kikombe."

Alipotazama chini, mkononi mwake bado alikuwa ameshika kile kipande cha tangawizi, chenye vifundo na ngozi iliyochunika. Aliitupa tangawizi kwenye ndoo ya maganda, kisha akaifunika ndoo.

"Itakuwa umebonyeza vitu vyako," alisema. "Wewe na kubonyeza!"

Wifi akaacha kutafuna, maana hapo aliguswa penyewe. Mwaka uliopita alipokea ujumbe wa kumpongeza kwa kushinda friji, akabonyeza. Ndani ya saa moja simu yake ikawatumia watu wote aliowahifadhi tangazo la dawa ya nguvu za kiume, pamoja na picha. Ilimfikia baba mkwe, ikamfikia mwalimu mkuu, ikamfikia hata mama mmoja aliyekuwa matangani kwake. Mama Vifuniko naye ilimfikia, wakati anaonja mchuzi. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria ya pili, na hii ilikuwa ya simu: nisichokijua hakiingii. Ujumbe wowote wenye mstari wa bluu wa kubonyeza aliufuta hapohapo, na jioni, alipomwaga ndoo ya maganda, alimwaga pia na lile pipa la taka la ndani ya simu, alivyofundishwa na binti yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Binti aliporudi saa sita alikuta mama yake amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, jiko limezimwa. Hilo tu lilitosha kumtia hofu.

Akafungua tovuti kwenye simu yake. Kidole. Akaguna, akafunga haraka. Akafuta kumbukumbu ya simu, maana wakati mwingine simu hung'ang'ania kilichopita, akafungua tena. Kidole. Akaenda kuazima simu ya muuza duka ambaye hakuwa ameifungua tovuti tangu siku ile ya kwanza. Muuza duka akapiga kelele, akaomba arudishiwe simu yake.

"Si simu yetu, mama. Ni kila mahali."

"Chuoni pia?"

Binti akaifunika simu kwa kiganja, na Mama Vifuniko akapata jibu lake. Akawaona wale wajumbe watatu, watu wa hospitali, wanaonawa mikono mpaka kwenye viwiko, wameketi kuchagua nani awapikie watoto wa watu, na mbele yao kidole hicho.

Binti akampigia fundi, akaweka sauti kubwa ili mama asikie.

"Subirini kidogo," sauti ya fundi ilisema, na nyuma yake palisikika mtu anameza. "Majina mapya husafiri duniani, huchukua siku mbili kufika kila mahali."

"Mwanangu," Mama Vifuniko aliingilia, "jina langu lilisafiri wiki mbili zilizopita na likafika. Sasa limerudi kufanya nini?"

Fundi akameza tena. Kisha: "Njooni dukani."

Duka la Fundi Subiri lilibanwa kati ya kinyozi na fundi viatu, na lilipokea kitu kutoka kila upande. Nywele zilipeperuka kutoka kulia, zikatua kwenye gundi iliyotoka kushoto. Mezani palikuwa na kikombe cha chai ambacho ndani yake palikuwa na utando, na ndani ya utando palikuwa na mchwa mwenye mabawa aliyekufa akijitahidi. Katikati ya vitufe vya kompyuta makombo yalikuwa yamejaa, ya leo juu ya makombo ya juzi. Fundi alikuwa anachovya mkate kwenye chai nyingine, na kwa vidole vilevile akawasogezea viti. Mama Vifuniko hakukaa. Alikusanya gauni lake kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu, kama yai juu ya msumari.

"Tuanze na nyumba yenyewe," fundi alisema. Akabofya, akabofya, na masufuria yakatokea kwenye kioo, yote saba, na vifuniko vyake. "Mnaona? Kurasa zenu zipo salama kwenye seva. Hazijaguswa."

"Sasa kwa nini mtu akiandika jina anaona kidole?"

"Subiri nikueleze, mama. Kurasa ni nyumba. Jina ni kibao cha barabarani kinachoonyesha njia ya nyumba. Nyumba ipo, ila kibao kimegeuzwa, kinawapeleka wageni kwa watu wengine."

"Nani kakigeuza?"

"Hapo ndipo sijui."

Akajaribu kukiangalia kibao. Mipangilio ya upande wake ilikuwa vilevile alivyoiacha, hakuna namba iliyobadilika. Akapiga simu kwenye kampuni inayouza majina. Ukapigwa muziki, kisha sauti ya mashine, kisha muziki uleule. Akajaribu mara ya pili. Akakata, akajikuna kichwa, na mba ikaanguka mezani.

"Tusubiri kesho mchana, mama. Kesho mchana watapokea."

"Kesho saa nne nishakufa!"

Hapo ndipo pua, macho, sahani sitini, nywele na mba vilipomshinda Mama Vifuniko kwa pamoja.

"Umemuuzia!" alisema, na sauti yake ikatoka nje hadi barabarani. "Umemuuzia mwenye vidole jina langu! Tena usinitazame hivyo. Mtu anayeishi na kikombe kama hicho atashindwa nini? Mimi nimekuja kwako na jina safi, limeoshwa, wewe umelipakaza usaha!"

Kinyozi alitokeza kichwa. Mteja wake naye akatokeza, nusu amenyolewa nusu bado.

"Mama, shusha sauti," binti alinong'ona.

"Sishushi!"

Fundi Subiri aliweka mkate wake chini. Hakuwa mtu wa hasira, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Mama," alisema polepole, "mimi ni mchafu wa meza. Mchafu wa mkono siyo. Mtaa huu wote, sijawahi kula jina la mtu."

"Hilo tutaliona."

"Basi tulione."

Mama Vifuniko akavuta pumzi, akaijutia, maana hewa ile ilinuka gundi na nywele mbichi. Ndipo lilipomjia wazo ambalo mtu mwingine asingelipata, kwa kuwa lilitoka jikoni. Sufuria ikinuka, mtu mvivu hugeuza uso na kuisukuma mbali. Anayetaka kujua nini kimeharibika huinama akaitazama hadi chini kabisa, penye ukoko. Na huu ukurasa nani ameutazama hadi chini? Wifi aliishia kwenye kidole. Binti aliguna akafunga. Muuza duka alipiga kelele. Fundi naye alikuwa anakula, alitazama kwa jicho moja na kurudi kwenye mkate wake. Na yeye mwenyewe, mwenye jiko, aliusukuma mkono.

"Fungua tena," alisema.

"Kidole?"

"Fungua. Kisha unipishe."

Alitoa leso, akaifunika ile pua kana kwamba picha ina harufu, akatoa karatasi kwenye mkoba, akaitumia kukishika kipanya cha kompyuta, akaanza kushuka. Kidole kikapanda juu kikapotea, na chini yake akakuta sikio la mtu linatolewa nta nyeusi kama lami. Akashuka. Mnyoo mrefu ndani ya chupa, na maneno kuhusu kupungua unene. Akashuka. Meno yaliyooza, safu nzima. Binti alikuwa amegeukia ukutani. Fundi alikuwa anatazama mkate wake kama asiyeukumbuka tena. Mama Vifuniko akazidi kushuka, machozi ya kichefuchefu yakimlenga, hadi ukurasa ukagoma kwenda zaidi.

Pale chini kabisa palikuwa na maandishi madogo ya kijivu kwa lugha asiyoijua. Na kando ya maandishi, kichoro kidogo: kufuli la kijani lenye jicho katikati.

Leso ikashuka puani.

Kufuli lile alilijua. Lilimjia kwenye simu mara tano katika wiki hizi mbili, na mara zote tano likiwa na ule mstari wa bluu chini yake. Mara ya kwanza alilifuta kwa uangalifu. Mara ya pili alilitukana. Mara ya tano, Jumapili, alimwambia mumewe wakati wa kula, "Wezi wa siku hizi hawachoki, hata kufuli wanachora," na mumewe akacheka, naye akaona fahari kidogo kwa kuwa mwerevu.

Alinyanyua macho. Hakuna aliyemwona. Binti bado alikuwa anatazama ukuta. Fundi alikuwa anaipiga tena ile simu ya muziki, bega limeinama, na kinyozi bado yuko mlangoni na mkasi wake, akingoja kusikia kama kweli kijana huyu ni mwizi wa majina. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Kesho mchana kampuni ingepokea, fundi angegundua mwenyewe, lawama zingegawanyika huku na huku kama moshi. Kesho mchana, baada ya saa nne.

Na palepale, akiwa amesimama na karatasi yake mkononi, alijichukia kuliko alivyokichukia kile kidole.

"Nimeacha wazi mimi," alisema.

"Umeacha nini, mama?" binti aligeuka.

"Hizi meseji za kufuli. Zilikuja. Nilizifuta."

Fundi aliweka simu chini. "Ngapi?"

"Tano."

"Tano!"

"Mstari wa bluu! Ningejuaje? Kila mwizi ana mstari wa bluu!"

Fundi akainama kwenye kioo, akayasoma yale maandishi ya kijivu, na kadiri alivyosoma ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Kisha akawaeleza. Kampuni inayouza majina hutaka kujua kama mwenye jina ni mtu kweli na kama barua pepe yake ni ya kweli. Humtumia ujumbe abonyeze kuthibitisha. Humpa siku kumi na tano. Asipobonyeza, humsimamisha, na kibao chake cha barabarani hukigeuzia kwenye ukurasa wa matangazo.

"Matangazo ya nani?"

"Ya yeyote anayelipa."

"Kwa hiyo wamenisimamisha," alisema Mama Vifuniko, "halafu wakanibandika vidole."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Uchafu mtupu!"

"Lakini na mimi ninalo langu," fundi alisema, akiifuta meza kwa mkono wa shati, jambo lililofanya meza iwe mbaya zaidi. "Wateja wengine wote huwa naandika barua pepe yangu, ujumbe unakuja kwangu, nabonyeza mwenyewe. Wewe ukataka kila kitu kiwe chako. Nikaandika chako. Nikasahau kukuambia kuna kitu kitakuja."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," kinyozi alisema kutoka mlangoni.

"Wewe rudi ukamalizie kichwa cha mtu," Mama Vifuniko alimjibu. Kisha akamgeukia fundi, na yaliyofuata yalimtoka kwa shida kama mfupa: "Mwanangu, mkono wako ni safi. Nimekosa. Na wenye masikio hapo nje wasikie pia."

Fundi akaangalia chini, akatabasamu. "Yameisha, mama. Ila kikombe nitakiosha."

"Kitupe."

Zile meseji zisingeweza kuokotwa tena, maana pipa la simu lilimwagwa kila jioni. Fundi akaingia kwenye tovuti ya kampuni, akabonyeza kuomba itume nyingine. Baada ya dakika mbili simu ikalia mkobani, na kufuli la kijani likatokea na jicho lake.

"Haya mama, bonyeza."

Mama Vifuniko hakubonyeza. Aliisoma anwani ya mtumaji herufi moja moja kwa sauti. Akamtaka fundi atoe karatasi ya siku ile ya ununuzi, akalinganisha. Akamtaka binti alinganishe tena. Akaifuta simu kwa upindo wa gauni, akakifuta na kidole chake, akafumba jicho moja, akabonyeza.

Ukafunguka ukurasa mweupe wenye neno moja la kushukuru. Basi. Hakuna kilicholipuka.

"Kumbe ni hiki tu?" alisema. "Kwa hiki tu nimeangalia minyoo?"

"Sasa tunasubiri," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikumchefua.

Alhamisi saa moja asubuhi masufuria yalikuwa yamerudi kwenye simu ya binti. Saa mbili yakaonekana kwa muuza duka, aliyefungua kwa jicho moja. Mama Vifuniko alivaa aproni nyeupe ingawa siku hiyo hakuwa na mpango wa kutoka, akakaa kando ya simu. Tangawizi ya siku hiyo ilimenywa na wifi. Yeye mwenyewe hakuweza kuitazama.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia. Alikuwa Matroni wa chuo, mmoja wa wale wajumbe.

"Mama, samahani. Tumekaa hapa wajumbe watatu, tumefungua anwani yako kwenye kompyuta ya ofisi. Sasa, sijui nisemeje…"

"Mmeona kidole."

"Enhee! Wewe unakijua?"

Binti aliyekuwa amebandika sikio alinong'ona upesi, na mama akarudia: "Matroni, kwenye hiyo kompyuta kuna mtu aliifungua tovuti yangu jana?"

"Katibu, jana mchana."

"Basi inakumbuka ya jana. Naomba ufungue kwa simu yako mwenyewe, kwa bando lako, siyo kwa intaneti ya ofisi."

Kiti kililia upande ule. Kisha Matroni akasema, "Aa," na akarudia "aa" kwa namna nyingine, na simu ikasikika ikipitishwa mkono kwa mkono. Sauti ya mwanamume, kavu, ikauliza kwa mbali: "Lakini ilitokeaje? Muulize."

Angeweza kusema ni mitambo. Kila mtu husema ni mitambo, na hakuna anayeuliza zaidi. Mama Vifuniko alivuta pumzi.

"Ni mimi. Walinitumia ujumbe wa kuthibitisha, nikadhani ni wezi, nikafuta. Mara tano. Jina likasimamishwa, wakaweka uchafu wao. Fundi hana kosa."

"Mara tano?" ile sauti kavu ilisema, na mtu mwingine akacheka kwa pua.

"Mimi, baba, nisichokijua hakiingii kwangu. Safari hii nimefungia nje hata mwenye haki."

"Tutakujulisha," alisema Matroni, na simu ikakatika.

Ijumaa ikapita. Jumamosi wifi akasema wangekuwa wamemtaka wangeshapiga. Jumapili Mama Vifuniko aliyasugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Jumatatu saa tano simu ikalia mkobani: ujumbe wa barua pepe, mrefu, na chini yake mstari wa bluu. *Bonyeza hapa kuthibitisha kabla ya saa kumi.*

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye alama ya kufuta. Kilifika chenyewe, kwa mazoea. Alikishika kwa mkono wa pili, akakiondoa. Akaufunika mchuzi, akazima moto, akafunga kabati, akavaa viatu na kutembea hadi chuoni, simu mkononi mbele yake kama anayebeba bakuli lililojaa.

Matroni alikuwa kwenye korido na faili zake. "Mama! Mbona unatweta?"

"Hii," alisema Mama Vifuniko, akiisimamisha simu mbele ya macho yake, "ni ninyi?"

Matroni akasoma. "Ni sisi."

"Una hakika?"

"Nimeiandika mimi mwenyewe, mama. Si ungenipigia tu simu?"

"Sauti huigwa."

Matroni alicheka mpaka faili zikamteleza. Mama Vifuniko hakucheka. Alikifuta kidole kwenye gauni, akabonyeza palepale, mbele ya shahidi, akangoja mpaka neno la shukrani likatokea, kisha akairudisha simu mkobani na kuvuta zipu.

"Karibu sana kwetu," alisema Matroni. "Unaanza mwezi ujao. Una swali lolote?"

"Naomba kuliona jiko."

Wakashuka ngazi, wakapita chumba cha kufulia, Matroni akasukuma mlango. Mama Vifuniko alisimama kizingitini. Pua yake ilitangulia, ikampa habari: kitambaa kilicholala kibichi, mafuta ya juzi, sinki. Mdomo ukamkunjamana. Juu ya meza ndefu masufuria manane makubwa yalikuwa yamepangwa, yameachama yote, na nzi mmoja alikuwa anatembea taratibu kwenye ukingo wa la tatu.

Akavua mkoba begani, akakunja mikono ya gauni.

"Matroni," alisema, "vifuniko viko wapi?"